Lutuku ya Lubumbashi: mwongozo kamili kwa mji unaotaka kuiweka kwenye sheria

Jumamosi asubuhi ukipita zile avenyu za ndani kabisa za Katuba, moja ya komini za Lubumbashi, harufu ya lutuku, hii pombe kali ya kuchemshwa nyumbani, inakufikia kabla ya moshi. Pipa limekaa juu ya mawe matatu, kifuniko kimezibwa na udongo na bunga iliyokorogwa, tiyo (bomba) inatoka juu inapita ndani ya beseni la maji baridi, na kule mwisho kuna chupa inapokea tone kwa tone. Mama mkubwa wangu alinisomesha na lile tone, na minerivale (pesa ya shule) ya wadogo zangu wawili ilitoka palepale. Na kila mwezi walikuwa wanakuja watu na makaratasi, wengine na kofia wengine bila kofia, anawapa kitu wanaenda. Siku moja nikamuuliza kwa nini asiombe risiti, akanijibu: "Mwana wangu, banakuyaka bane, kila mutu na karatasi yake, mimi siyuwe ni nani njo wa kweli." Yaani wanakuja wanne, kila mmoja na karatasi yake, na hajui nani ndiye wa kweli.

Hilo jibu njo lilinifanya niandike hii yote. Maana watu wakiongea juu ya lutuku wanaongea kama kuna vitu viwili tu, kuiacha ama kuipiga marufuku, na kumbe miaka mia na zaidi imepigwa marufuku na kila mtu anajua itapatikana wapi. Kuna njia ya tatu, kuisimamia, na kuisimamia kuna mpangilio wake, ukianza na kitu cha mwisho unaharibu cha kwanza. Naandikia burgumesta (mkuu wa komini), washauri wa komini, mashefu wa kartie (mitaa), na wamama wenyewe kama wako na shirika lao. Nitachukua pia mafunzo kwa miji ya nje iliyofanya kazi hii kwa bangi, sababu shida ni ileile: kitu kilikuwa cha kujificha, sasa unataka kiwe na namba na mlango.

Kabla ya yote: nini iko mkononi mwako

Mji peke yake hauwezi kuamka asubuhi ukasema lutuku ni halali. Katazo lenyewe ni la zamani, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa tarehe 10 Septemba 1919 wakoloni walikubaliana kukataza kutengeneza pombe ya kuchemshwa kwenye sehemu kubwa ya Afrika, Kongo yetu ikiwa ndani. Leo kodi ya pombe, ile aksizi, iko kwa DGDA, ofisi ya forodha, na udhibiti wa ubora wa bidhaa uko kwa OCC, ofisi ya ukaguzi ya serikali. Hivyo usiandike karatasi inayogusa hizo, itafutwa siku ya kwanza.

Lakini sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilifanya mji na komini kuwa enteti (sehemu za utawala) zenye baraza na bajeti yao. Usafi, masoko, kelele, wapi biashara ikae, saa gani ifungwe, hayo unaweza kuyashika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni barua mbili: moja kwa gavana na baraza la provensi kuomba sheria ya provensi inayoruhusu majaribio kwenye komini moja ama mbili, nyingine kwa DGDA na OCC kuwaomba wakae meza moja na nyinyi tangu mwanzo. Meza moja, narudia. Mama asione watu wanne tena.

Colorado kule Marekani jimbo na miji waligawana kazi: jimbo lilifungua mauzo ya bangi tarehe 1 Januari 2014, lakini duka la Denver lilihitaji leseni ya jimbo NA leseni ya mji, na mji ambao hautaki kabisa uliruhusiwa kukataa. Komini ya Annexe si lazima ifanye kama Kamalondo.

Hatua ya 1: hesabu vyungu, usitume polisi

Hapa njo miji mingi inaanguka. Wanaandika ada kabla hawajajua wako na watengenezaji wangapi.

Tangaza miezi sita ya kujiandikisha bila kukamatwa, bila kumwagiwa, bila faini. Tangaza kwa radio, kanisani, sokoni, kwa Kiswahili, na burgumesta mwenyewe aseme kwa sauti yake. Halafu wanaopita nyumba kwa nyumba wawe wale rele wa afya ambao wamama wanawajua, wale wanaokuja kwa chanjo. Ukituma mtu mwenye silaha utahesabu parseli (viwanja) tupu.

Karatasi ya kuandikisha isizidi ukurasa mmoja. Maswali yangu yangekuwa haya: unatumia mahindi, mihogo ama sukari? Maji unatoa wapi? Unatoa lita ngapi kwa wiki? Nani anakununulia, jirani ama mtu wa bido (dumu) kubwa? Na swali ambalo watu wanasahau: hilo pipa lilikuwa na nini kabla?

Hilo la pipa niliongeze hapa, sababu sisi ni mji wa migodi. Mapipa na mabido yanayouzwa sokoni mengine yalibeba asidi, mengine dawa za kutenganisha shaba. Mama anaosha na sabuni na majivu, ananusa, anasikia hamna kitu, anaanza kazi. Uji uliochacha wenyewe una uchachu, na kitu kichachu kikichemka ndani ya chuma kibaya kinavuta kilicho kwenye chuma. Vilevile tiyo za kuungwa na risasi (ile madini laini yenye sumu) ama radieta ya gari ya zamani inayotumiwa kupozea mvuke, risasi inaingia kwenye kinywaji kidogokidogo na huwezi kuionja. Kwenye parseli moja Kampemba nimeona kwa macho radieta ya lori imezamishwa kwenye nusu pipa la maji, na mwenyewe anajisifu inapoza haraka. Inapoza kweli, lakini inatia sumu.

Mwisho wa hesabu kila pipa linapata namba ya rangi kwenye kifuniko. Colorado kila mmea wa bangi una kibandiko chake na namba inaingia kwenye kompyuta ya jimbo. Sisi hatuhitaji kompyuta, tunahitaji kopo la rangi na daftari moja linalokaa komini na kopi yake kwa shefu wa kartie.

Hatua ya 2: gawanya watu kwa makundi, si wote sawa

Munkoyo na kibuku usiviguse na hii sheria. Munkoyo watoto wanakunywa, inatoka kwa mahindi na mizizi, haichemshwi kwa tiyo. Hapo ni usafi wa maji na vyombo tu, basi.

Kwa lutuku yenyewe naona makundi manne: mama wa nyumbani mwenye pipa moja; kikundi ama kooperative yenye mapipa mengi mahali pamoja; muuzaji wa kilauri; na yule wa kati, anayekusanya mabido kwa wamama na kupeleka nganda (vilabu vya pombe) za mbali ama kwenye migodi ya wachimbaji. Huyu wa kati awe na sheria kali kuliko wote na nitaeleza kwa nini.

Lutuku ya mahindi ikitengenezwa vizuri inatoa methanoli, ile alkoholi ya sumu, kidogo sana. Vifo vile vya watu kumi, ishirini, mara nyingi havitoki kwenye chungu cha mama, vinatoka kwa mtu aliyechukua pombe akaiongeza methanoli ya kiwandani ili bido moja liwe matatu. Inafanyika njiani, stoo, usiku. Nchini Kenya mwaka 2010 walipitisha sheria iliyofuta katazo la chang'aa na kuifanya iwe ya leseni, sheria nzuri kwenye karatasi, lakini mwaka 2014 watu makumi walikufa kwa pombe yenye methanoli. (Naongelea nchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya.) Leseni ilikuwepo, aliyebeba bido njiani hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Uholanzi nao walipata shida ya aina hiyo upande mwingine. Tangu 1976 waliacha kufuatilia bangi kidogo, baadaye maduka yakakubaliwa kuuza kwa masharti: hakuna matangazo, hakuna mtoto chini ya miaka 18, gramu 5 kwa mtu, hakuna fujo. Lakini anayelima na kuleta alibaki haramu. Mlango wa mbele halali, mlango wa nyuma kwa majambazi, na walikaa hivyo makumi ya miaka. Usiandikishe manganda peke yake ukasahau nani anawaletea.

Kwa hiyo: bido linalotoka kwenye parseli lina namba ya pipa imeandikwa juu na tarehe, mbebaji ana kitabu, na nganda haipokei bido lisilo na namba.

Hatua ya 3: kazi yenyewe, namna ya kuchemsha

Hapa mkaguzi lazima awe mtu anayejua. Mtu wa ofisi ambaye hajawahi kuona pipa likichemka atadanganywa dakika mbili. Chukueni wamama wawili wazoefu kila kartie muwalipe kama wakaguzi wasaidizi.

Masharti yenyewe machache, yaandikwe na yachorwe:

Pipa na tiyo viwe vya chuma kisichoshika kutu ama shaba safi, hakuna radieta, hakuna bido lililobeba kemikali, hakuna muungo wa risasi. Komini inunue tiyo kwa wingi na kuwakopesha wamama, wanalipa polepole. Kama hutaki kukopesha usitoe hilo sharti, maana unawafukuza tu.

Tone za kwanza zinamwagwa. Vinavyotoka mwanzo vina vitu vikali visivyofaa, vile vinavyochoma pua na kuumiza kichwa. Glasi ndogo ya kwanza kwa kila lita 20 za uji, imwage chini, usiirudishe kwenye pipa na usimpe mtu "aonje nguvu". Lakini wamama waelezwe wazi, na hapa watu wengi wanakosea: kumwaga tone za kwanza hakuokoi pombe iliyotiwa methanoli baadaye. Methanoli inajichanganya na alkoholi, inatoka kidogokidogo mwanzo hadi mwisho. Na kuwasha moto kuona kama unawaka buluu si kipimo, pua si kipimo, ulimi si kipimo. Kipimo ni laboratwari.

Moto na chupa inayopokea vitengane, angalau hatua tatu, kuwe na ukuta ama bati katikati, mvuke wa alkoholi unashika moto na ukishika hausubiri. Watoto wasitumwe kuchochea. Ndoo ya mchanga ikae pembeni.

Machicha yasimwagwe kwenye mfereji. Yapelekwe kwa wafuga nguruwe, wanayataka, tena wanalipa.

Hatua ya 4: kupima

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni alkometa, kile kijiti cha kioo kinachoelea, kinakuambia nguvu ya pombe, ni rahisi na kila kikundi kiwe nacho. Mji uweke kikomo cha nguvu, mimi ningeanza na digri 40 (yaani asilimia 40 ya alkoholi), iandikwe kwenye bido.

Cha pili ni methanoli, na hicho ni laboratwari. OCC wanapima bidhaa, na UNILU, chuo kikuu chetu, kuna kemia, komini iandike mkataba na mmoja wao: kila mwezi zichukuliwe chupa kadhaa bila taarifa, nusu kwa wamama, nusu kwa wabebaji na manganda. Gharama zilipwe na mfuko wa leseni, si na mama. Ukimlipisha mama kila kipimo atakupa chupa nzuri aliyoiweka pembeni kwa ajili yako.

Matokeo yasomwe kwa wote kwenye mkutano wa kartie. Pipa namba fulani safi, bido la mbebaji fulani baya. Wanunuzi wenyewe watafanya kazi iliyobaki.

Hatua ya 5: mahali na saa

Hii fupi. Nganda isikae karibu na shule, sheria ya Kenya ya 2010 ilitaja mita 300, kwetu kwa vile parseli zimebanana labda 200 zinatosha, lakini pimeni kwa kamba, msikadirie. Mtu wa chini ya miaka 18 hauziwi. Mwisho saa nne usiku. Sashe (vile vipakiti vya pombe) hapana kabisa: Tanzania walipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, sababu kiroba kinaingia mfukoni mwa mtoto wa shule na hamna anayeona. Kilauri kinywewe palepale, ama chupa nzima yenye namba.

Mama anayechemsha nyumbani asilazimishwe kuhamia mahali pa kazi pa viwanda. Nimesikia hilo wazo mara nyingi, lina sura nzuri, lakini ukimtoa nyumbani ana watoto watatu na mgonjwa mmoja ndani umemnyima kazi.

Hatua ya 6: pesa

Niende polepole hapa, sababu hapa njo sheria nzuri zinakufa.

Kalifornia walipiga kura ya bangi mwaka 2016, maduka yakafunguka 2018, kodi juu ya kodi, ya jimbo na ya mji, na soko la kificho likabaki kubwa kwa sababu kule ni bei rahisi. Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni ya bangi ya dawa, mwaka 2017, lakini leseni ilikuwa ghali hivi kwamba wakulima wadogo wa milimani, wenye kazi yao ya zamani, walibaki nje na kampuni zenye mtaji wa kigeni zikaingia. Sitaki kuona hiyo Lubumbashi, mtu wa nje anakuja na chupa yenye picha nzuri ameandika lutuku juu yake, na mama wa Katuba bado anakimbizwa.

Uganda ina somo lake la zamani zaidi. Mwaka 1965 walitunga sheria ya enguli, pombe ya kuchemshwa ya kwao: mtengenezaji mdogo achukue leseni na auze kwa kiwanda, kiwanda kinachemsha upya, kinasafisha, na huko njo ilitoka Uganda Waragi. Wazo zuri, ninalipenda kwa sehemu ya kikundi. Lakini jirani analipa kesho asubuhi na kiwanda kinakupa karatasi, wengi wakaendelea kuuzia jirani. Kwa hiyo kooperative ikijenga mtambo wa kusafisha, ilipe mama siku anayoleta bido. Siku ileile.

Ada ya mama wa pipa moja msiiandike kwa franga, iandikeni kwa lita. Franga inaanguka, sheria inabaki, mnaanza kupandisha kila mwaka na kugombana. Semeni hivi: ada ya mwezi ni bei ya lita mbili. Tuchukue mfano wa mama anayetoa lita 20 kwa wiki, ni 80 kwa mwezi, analipa thamani ya mbili, zinabaki 78 za kununua mahindi, makala (makaa) na chakula. Hiyo atalipa bila kujificha. Kikundi kilipe lita mbili kwa kila pipa. Mbebaji alipe mara kumi ya mama, kwa sababu yeye njo anakula faida na yeye njo hatari.

Malipo ni dirisha moja, mara moja, risiti moja yenye rangi ya mwaka huo, inabandikwa mlangoni. Atakayekuja na karatasi nyingine mama ana haki ya kukataa, na nyuma ya risiti kuwe na namba ya simu ya komini ya kupiga papo hapo. Hilo peke yake lingemwokoa mama mkubwa wangu pesa za miaka mingi.

Na nafasi za kwanza ziende kwa waliokuwepo. Oakland, Marekani, mwaka 2017 waliweka nusu ya leseni za bangi kwa watu waliowahi kuhukumiwa kwa bangi ama waliokaa kwenye mitaa iliyosumbuliwa sana na polisi. Hapa kwetu tusiwe na haya kusema: aliyewahi kumwagiwa lutuku yake na kulala kwenye kasho (mahabusu) aanze yeye.

Hatua ya 7: kosa likitokea

Kosa la kwanza la karatasi, onyo na siku 30. La usafi, pipa linasimama mpaka lirekebishwe. Chuma kibaya, pipa linachukuliwa na mama anapewa jingine kwa mkopo. Methanoli iliyoongezwa, hiyo si ya komini tena, ni ya mwendesha mashtaka, bila kuongea sana.

Pombe iliyokamatwa imwagwe siku ileile, mbele ya shefu wa kartie na mashahidi wawili, ikaandikwa lita ngapi. Isilale ofisini hata usiku mmoja. Mwezi wa pili 2024, Kirinyaga nchini Kenya, watu 17 walikufa, na serikali yenyewe ilisema pombe hiyo ilikuwa kizibiti kilichoibiwa kwenye kituo cha polisi. Kila mtu anayeandika sheria ya kukamata pombe aanze na hiyo habari.

Hatua ya 8: mgonjwa

Kila nganda ibandike picha inayoeleza: mtu alikunywa jana, leo anaona kama ukungu, tumbo linauma, anapumua haraka. Methanoli haishiki palepale, inaweza kuchukua saa 12 hadi 24, watu wanafikiri ni hangover wanamwacha alale. Asiachwe alale. Apelekwe hospitali saa hiyo, kuna dawa zinazozuia sumu ikipatikana mapema, na kila saa inayopita macho yanaenda. Zoni ya afya iwe na namba ya komini, mgonjwa wa pili mwenye dalili hizo kwenye kartie moja, manganda yote ya hapo yanafungwa siku hiyo, na daftari la mabido linafunguliwa kuona namba gani ziliingia.

Mwenye nganda atakayepiga simu kwanza asiadhibiwe kwa makosa mengine ya siku hiyo. Vinginevyo hatapiga.

Mwaka wa kwanza ukiisha

Chukueni karatasi moja: mapipa mangapi yaliandikishwa, chupa ngapi zilipimwa na ngapi zilikuwa mbaya, pesa ngapi ziliingia, zilinunua nini, tiyo ngapi zilikopeshwa na ngapi zimelipwa. Ibandikwe ukutani nje ya komini, kwa Kiswahili, herufi kubwa, chini kidogo, ili mama mfupi aliyetoka sokoni aisome bila kuomba mtu.